Asidi ya Shaba, Tone kwa Tone

Kimiminika kinachotoka kwenye matangi ya elektrolisisi ya shaba huko Katanga ni cha buluu iliyokolea, na kwa kukitazama tu huwezi kujua kimebeba nini. Ndani yake mna shaba ambayo bado haijashika kwenye bamba. Mna pia asidi ya salfa, ileile inayotiwa katika betri za magari, mara nyingi kati ya gramu 150 na 190 kwa lita. Mwenye kiwanda anataka kujua asidi hiyo ni kiasi gani hasa, kwa sababu kimiminika hicho hakimwagwi: hurudishwa kazini kuchukua shaba nyingine. Akidhani anayo asidi nyingi kuliko aliyo nayo, shaba itabaki nyuma na kupotea. Akidhani anayo kidogo, ataongeza nyingine bure, na asidi ni mali. Malori huivusha Kasumbalesa ikitoka Zambia, safari ya gharama na ya hatari.

Jibu la swali lake hutoka kwenye mrija wa kioo uliosimamishwa wima, wenye alama za mililita ubavuni na koki ndogo chini, na kwenye mkono wa mtu anayejua kuifungua koki hiyo kwa kiasi. Mrija huo ni bureti. Kazi yenyewe ni titresheni. Watu wa maabara za Lubumbashi, waliosoma kwa Kifaransa, huiita dozaji.

Mji huu umezaliwa na shaba. Kabla ya reli, na kabla ya kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliyoundwa mwaka 1906, wafua shaba wa Katanga waliyeyusha malakiti, lile jiwe la kijani, kwa makaa na mivukuto katika tanuru za udongo wa kichuguu, wakamimina misalaba ya shaba iliyosafiri mbali kama mali ya biashara. Mwaka 1911 tanuru la kampuni lilitoa shaba yake ya kwanza Elisabethville, mji uliopewa jina la Lubumbashi mwaka 1966. Bomba lake refu la moshi na kilima cheusi cha mabaki ya tanuru ndivyo vitu ambavyo mgeni huoneshwa kwanza. Lakini moto haukufaa kila aina ya jiwe. Mwaka 1929 kule Shituru, Likasi, kikaanza kiwanda cha kuloweka mawe katika asidi na kuitoa shaba kwa umeme. Luilu, Kolwezi, kikafuata mwaka 1960, na siku hizi Ruashi, ndani ya Lubumbashi yenyewe, kazi ni hiyohiyo. Mfua shaba wa zamani alisoma rangi ya mwali. Asidi haina mwali wa kusomwa. Ni lazima ipimwe.

Niliyemtazama akiipima ni fundi wa maabara, mama wa makamo ambaye kila mtu pale humwita Mama, bila jina. Kando yake alisimama kijana mwanafunzi wa kemia. Yeye titresheni alikuwa ameisoma ubaoni: kanuni anaijua, hesabu anaiweza, lakini bureti hakuwahi kuishika. Ilikuwa Julai, mwezi ambao Lubumbashi, iliyo mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, huamka na baridi kali. Jambo la kwanza alilolifanya Mama lilikuwa kusoma kipimajoto cha ukutani. Nyuzi 18. Akaziandika daftarini kabla ya kugusa kitu kingine.

Kanuni yenyewe ni fupi. Asidi na besi huuana, moja kwa moja. Ukijua umeitia besi kiasi gani hadi asidi ikaisha, umeijua asidi. Besi yake hapa ni kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni, iliyoyeyushwa katika maji. Tabu ni kwamba kostiki haisemi ukweli juu yake yenyewe. Vipande vyake vyeupe hunyonya unyevu wa hewa huku ukivipima, hata namba ya mizani inapanda ukiitazama, na hunyonya pia hewa ya kaboni tunayoitoa puani. Ndiyo maana kostiki haipimwi kwa mizani ikaaminiwa. Huyeyushwa kwa kukadiria, kisha hutiwa kwenye mizani ya kitu kingine kilicho mwaminifu zaidi.

Kitu hicho ni unga mweupe, mkavu, chumvi ya asidi iitwayo haidrojeni fithalati ya potasiamu. Hauvuti unyevu, haubadiliki chupani, na uzito wake kwa moli unajulikana: gramu 204.22. Mama aliukausha ndani ya oveni siku iliyotangulia, akauacha upoe katika chombo kilichofunikwa. Sasa aliudonoa kwa kijiko chembamba, akigonga mpini kwa kidole cha shahada ili zidondoke chembe chache tu. Alifunga vioo vya mizani kila mara, maana pumzi ya mtu inatosha kuisukuma namba ya nne baada ya nukta. Ilipotulia, ilisomeka gramu 0.5106. Kijana akashangaa kwa nini hakuifikisha namba ya duara. Mama akamwambia namba haina haja ya kuwa nzuri, ina haja ya kujulikana.

Maji ya kuuyeyusha unga yalikuwa yamekenekwa, kisha yakachemshwa na kupozwa ndani ya chupa iliyozibwa. Maji yaliyokaa wazi hubeba hewa ya kaboni, nayo ni asidi, dhaifu lakini yenye kula kostiki.

Bureti aliiosha kwa maji, halafu akafanya jambo ambalo mtu asiyejua angelidhani ni upotevu. Alimimina ndani yake kostiki kidogo, akaulaza mrija na kuuzungusha polepole hadi ukuta wote ukalowa, akaimwaga kupitia koki. Akarudia mara tatu. Bureti iliyooshwa kwa maji tu ingebaki na matone ya maji ukutani, na matone hayo yangeizimua kostiki pasipo mtu kujua. Alipoijaza, aliinama kuitazama ncha iliyo chini ya koki. Palikuwa na kiputo cha hewa, kidogo kuliko punje ya ulezi. Aliifungua koki yote kwa ghafla, kostiki ikaruka ndani ya bika la taka, kiputo kikatoka. Kingebaki, kingetoka katikati ya kazi na kuhesabiwa kama kostiki.

Kisha akasoma. Uso wa kimiminika ndani ya mrija mwembamba haulali sawa, hupinda katikati kuelekea chini. Mama alishika nyuma ya bureti kadi nyeupe yenye mstari mweusi, akaiteremsha mpaka ukingo wa chini wa ule mpindo ukaonekana mkali, akapiga magoti kidogo ili jicho lake liwe sawa nao. Akitazama toka juu atasoma pungufu, akitazama toka chini atasoma zaidi. Alama za bureti zinaishia kwenye sehemu ya kumi ya mililita. Iliyo ndogo kuliko hiyo hukadiriwa kwa jicho, na jicho lake hukadiria hadi nusu ya mgawo. Alisoma 0.00, akamwita kijana naye asome.

Ilibaki elektrodi, kifaa cha kioo kinachoisoma asidi kwa umeme. Zamani titresheni ilitegemea rangi peke yake: tone la kiashirio ndani ya chupa, na asidi ikiisha rangi hugeuka. Kipimo cha pH kilikuja baadaye. Mwaka 1909, kwenye maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg kule Copenhagen, mkemia Søren Sørensen alipendekeza ukali wa asidi uandikwe kwa namba fupi, ndiyo pH, kila hatua moja ikiwa ni mara kumi ya inayofuata. Mwaka huohuo Fritz Haber na Zygmunt Klemensiewicz walieleza jinsi utando mwembamba wa kioo unavyotoa umeme kidogo kulingana na asidi iliyopo. Katikati ya miaka ya 1930 Arnold Beckman, Mmarekani wa California, aliviunganisha viwili hivyo kuwa kifaa cha mezani, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kupima maji ya malimau. Mashine ya Mama, ya rangi ya kijivu, ni mjukuu wa kile cha Beckman. Inatumia betri, jambo linalofaa sana katika mji ambao umeme hukatika bila taarifa.

Elektrodi yake ilikuwa imelala ndani ya kofia yenye maji ya kloridi ya potasiamu, kwa kuwa kitufe chake cha kioo hakitakiwi kukauka. Aliitoa, akaisuuza kwa maji yaliyokenekwa, akakigusisha kitufe kwenye karatasi laini. Hakukifuta. Kukisugua kioo kunakitia chaji, na namba huhangaika kwa muda mrefu. Akaitumbukiza katika bafa ya pH 7, kimiminika ambacho pH yake inajulikana tangu kinatoka kiwandani, akageuza kitufe cha joto hadi 18, akangoja. Kisha akaisuuza tena, akaitia katika bafa ya 4, akangoja. Joto si jambo la kupuuza hapa: kwenye nyuzi 25 kila hatua moja ya pH inatoa milivolti 59.16, na kwenye nyuzi 18 inatoa takriban 57.8. Mashine isiyoambiwa kuhusu baridi ya Julai ingekosea kidogo kila hatua, na makosa yangejilimbikiza kadiri inavyokwenda mbali na 7.

Kijana alitaka kuanza. Namba ya mashine ilisoma 4.03, ikashuka 4.01, ikapanda 4.02. «Papa, ngojea itulie,» Mama alimwambia, kama kina mama wa Kongo wanavyowaita vijana wao. Namba ilizunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga, kisha ikakaa. Mama akatikisa kichwa kukubali.

Bika lenye unga ulioyeyuka liliwekwa juu ya sahani yenye sumaku inayozunguka. Ndani ya bika, kijiti cheupe kikaanza kuzunguka nacho, kwa mwendo uliotosha kukoroga bila kuvuta hewa. Elektrodi aliifunga kwenye kishikio pembeni, juu ya kijiti, ili kioo kisigongwe. Ncha ya bureti ikaingia chini ya mdomo wa bika. Mkono wake wa kushoto ukaizunguka koki kwa nyuma, vidole viwili na gumba, ukiivuta koki ndani kidogo kila inapogeuka ili isilegee. Mkono wa kuume ulibaki huru kwa kalamu.

Mwanzo pH ilisoma karibu 4. Alitia mililita mbili kwa mkupuo mmoja, akangoja, akaandika. Mbili tena. Namba ilipanda kwa uvivu. Kwenye mililita 12 na nusu, nusu ya safari, ilikuwa juu kidogo ya 5, na kila kostiki iliyoingia ilimezwa bila kishindo. Hapo asiyejua huchoka, au huamini kwamba mambo yataendelea hivyo. Mama alifanya kinyume. Kwenye mililita 22 alianza kutia nusu nusu. Kwenye 24 akashuka hadi sehemu ya kumi. Kwenye 24.80 alikuwa anatia tone moja, ambalo ni kama mililita 0.05, na baada ya kila tone alingoja kuliko alivyongoja mwanzo. Utulivu wa namba huchelewa zaidi mahali ambapo asidi imebaki kidogo, kwa kuwa hapo hakuna cha kuishika.

Kisha ikaruka. Kati ya 24.95 na 25.15, mililita 0.2 tu, pH ilitoka juu ya 7 na nusu ikafika karibu 10. Mwanafunzi aliyeuona mruko huo kitabuni huuona kama mstari. Hapa ulikuwa namba zinazobadilika mbele ya macho kwa tone ambalo halikutofautiana na matone mengine yote yaliyotangulia. Ndani ya bika hakuna kilichoonekana: maji safi kabla, maji safi baadaye. Kijana alivuta pumzi kwa sauti. Mama hakuinua macho. Aliendelea kutia matone mengine kupita mruko, kwa sababu nukta ya usawa, pale kostiki inapolingana na asidi, haijulikani kwa kusimama juu yake. Hujulikana kwa kuwa na namba za pande zote mbili.

Nukta ilikuwa 25.05. Kwa hesabu, kostiki yake haikuwa moli 0.1000 kwa lita kama lebo ilivyosema, bali 0.0998. Alikata namba ya lebo kwa mstari mmoja, akaandika mpya juu yake, na tarehe.

Hapo ndipo kile kimiminika cha buluu kilipoletwa. Mama alivuta mililita 10 kwa pipeti, kwa puto la mpira na si kwa mdomo, akaziacha ziteremke zenyewe ndani ya chupa ya ujazo ya mililita 100, ncha ikigusa ukuta. Tone la mwisho lililobaki ndani ya ncha hakulipuliza. Pipeti ilipimwa kiwandani pamoja na tone hilo kubaki. Akajaza maji hadi alama, akaziba, akaipindua chupa juu chini mara nyingi, polepole. Akavuta mililita 10 za mchanganyiko huo, sawa na mililita moja ya kimiminika cha asili, akazitia katika bika na kuongeza maji hadi karibu mililita 100. Buluu ilikuwa sasa nyepesi, ya anga ya asubuhi.

Kijana aliuliza kwa nini wasitumie fenolftaleini, ambayo hugeuka waridi, wakapunguza kazi. Mama alimpa jibu kwa kumwonesha. Katika bika jingine, la majaribio tu, alitia kiashirio hicho na kostiki nyingi. Waridi halikutokea mapema. Badala yake kulitokea wingu la buluu hafifu, zito, likazama chini. Ni shaba. pH ikipita 5 shaba yenyewe huanza kuikamata kostiki na kugeuka tope. Shaba ya gramu 35 kwa lita ingekula mililita nane au zaidi za kostiki kabla ya fenolftaleini kugeuka, na anayeingoja rangi angezihesabu zote kuwa asidi. Angeandika gramu arubaini hivi zaidi kwa kila lita. Kiashirio kingine, methili oranji, hugeuka mapema zaidi, kati ya 3.1 na 4.4, lakini nyekundu yake na manjano yake huchanganyika na buluu ya shaba hata jicho lisijue linaona nini. Namna iliyobaki ni kuifuata pH yenyewe na kuisikiliza inapogeuka.

Kwa maoni yangu hapa ndipo ufundi wa Mama unapozidi ule wa kitabu. Asidi na kostiki zikiwa safi, mruko ni mkubwa. Hata mkono mzito utaugundua. Katika maji ya shaba mruko ni mfupi na umebanwa. Nyuma yake kuna asidi ya salfa ambayo nusu yake ya pili haiachilii kwa urahisi, mbele yake kuna shaba inayosubiri kula kostiki. Mlango uko katikati, kati ya pH 4 na 5, na ni mwembamba.

Alianza kwenye 1.7. Kwa mililita 20 za kwanza aliifungua koki bila wasiwasi, na pH ikapanda hadi 2.2 tu. Kwenye mililita 30 ilikuwa 2.8. Toka hapo alibadilika. Mgongo ulinyooka, kalamu akaiweka mezani, mkono wa kuume ukashika chupa ndogo ya maji ya kusuuzia. Kwenye 34.00 ilisoma 3.4. Akatia matone mawili, akangoja. Matone mawili. Kwenye 35.00 ilikuwa 3.9. Tone moja. Tone moja. Mara nyingine hakutaka hata tone zima: aliigeuza koki kwa unywele hadi tone likaning'inia nusu kwenye ncha, akaligusisha ukutani mwa bika, akalisukuma chini kwa maji kidogo. Kila nusu tone alilingoja kama alivyolingoja tone zima. Namba ilipita 4, ikaanza kukimbia, ikapita 4 na nusu, ikafika juu ya 5. Ndipo kwenye mwanga wa dirisha yakaonekana mawimbi membamba ya ukungu ndani ya buluu. Shaba imeanza kula. Tangu hapo pH haikupanda tena, ilitambaa. Mama alitia matone machache zaidi kuthibitisha utambaaji huo, akafunga koki.

Jumla ya muda wa kungoja ilizidi sana muda wa kutia. Hilo nililiona kwa saa ya ukutani. Kostiki ingeweza kushuka yote kwa dakika moja. Kazi yote ilikuwa katika kutoiachia.

Kisha akatoa karatasi ya milimita. Mashine za siku hizi huchora zenyewe, na viwanda vikubwa vina bureti zinazoendeshwa na mota usiku kucha. Mama anazijua na hazidharau. Ila alimtaka kijana achore kwa penseli: mililita kwa mlalo, pH kwa wima. Nukta zilianza mbalimbali, zikakaribiana, zikabanana kama alivyozitia. Mchoro ukapanda kwa uvivu, ukasimama, ukalala tena. Chini yake kijana alichora mwingine, wa tofauti: pH imepanda kiasi gani kwa kila sehemu ya mililita. Mchoro huo ulikuwa na kilele kimoja chembamba, na kilele kilisimama juu ya 35.45.

Mama alirudia kazi yote kwa bika la pili, kisha la tatu, bila kuharakisha popote eti kwa kuwa jibu analijua. Kinyume chake, kwenye mililita 35 alipunguza mwendo vilevile kama mara ya kwanza. La pili likatoa 35.50. La tatu likatoa 35.45. Kijana alitaka waiandike ile ya pili kuwa 35.45 pia, zilingane. Mama akamtazama kwa muda, akasema, «Andika ulichokiona, papa.» Akaandika 35.50. Wastani ukawa 35.47.

Mililita 35.47 za kostiki ya moli 0.0998 zimeua asidi ya milimoli 3.54. Kila chembe ya asidi ya salfa ina sehemu mbili za kuuawa, kwa hiyo gawa kwa mbili: milimoli 1.77. Zidisha kwa 98.08, uzito wa asidi hiyo. Katika lita moja ya kimiminika cha buluu mlikuwa na gramu 173.6 za asidi. Lau angeiamini lebo ya zamani, angeandika 173.9. Tofauti ya gramu 0.3 haitishi katika bika. Katika matangi yenye maelfu ya mita za ujazo, kila mita ya ujazo ina lita elfu moja, na gramu 0.3 kwa lita hugeuka kuwa tani.

Kabla ya chakula cha mchana bureti ilikuwa imeoshwa na kugeuzwa juu chini kwenye kishikio chake, koki imelegezwa isije ikang'ang'ania kioo kwa kostiki iliyokauka. Elektrodi imerudi katika kofia yake. Bika zenye shaba zimemiminwa katika dumu la taka lenye lebo, si kwenye sinki, maana sinki huishia kwenye mito, na mito ya Katanga imekwisha kunywa ya kutosha.

Walimu wa kemia wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, neno langu ni kwenu. Bureti moja, koki yake, siki ya dukani, kostiki kidogo na tone la fenolftaleini vinatosha kuanza. Katika siki hamna shaba ya kuidanganya rangi. Vaeni miwani na glavu, maana kostiki huunguza jicho. Mchoro wa kitabuni mwonesheni mwanafunzi baadaye. Kwanza mpeni koki mkononi, mwacheni apite mruko kwa bahati mbaya, aanze tena, hadi siku atakapopunguza mwendo mwenyewe kabla hajaambiwa.